Jiwe Moja Kwenye Baraza la Mama Singano

Nimestaafu. Mkicheka chekeni, hata mama yangu alicheka. Kwa akili za watu, mstaafu ni mtu mwenye mvi aliyeagwa kwa keki na saa ya ukutani, akaenda kufuga kuku. Mimi sina mvi, keki sikuiona, na mtoto wangu bado anaota meno. Lakini kazi ya kupandisha wageni mlimani nimeiacha na sirudi. Hiyo kwangu ni kustaafu. Neno jingine silijui.

Naandika kwa ajili yenu, Neema na Agnes, wasichana wawili mlioanza mwezi huu kwenye ofisi yetu pale Lushoto. Mlikuja kwangu Mlalo na mfuko wa mapeasi, kana kwamba Mlalo hakuna mapeasi. Mkakaa jikoni, mkaniuliza, "Dada, kazi yenyewe ikoje?" Nikawajibu "nzuri tu," kwa sababu Imani alikuwa analia na mimi nilikuwa na hasira ambayo haikuwahusu ninyi. Nzuri tu si jibu. Someni hili badala yake. Habari za vyeo siandiki, havikuwepo. Za mshahara mtaziona wenyewe.

Nilimaliza kidato cha nne bila sifa ya kuendelea. Matokeo yalipotoka, baba aliyasoma, akayakunja, akayaweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, labda alidhani yakikaa humo yataokoka. Nikakaa nyumbani msimu mzima wa viazi. Kisha Mzee Hoza akapita kumwona baba. Mzee Hoza alikuwa anaongoza wageni kwenye milima yetu tangu kabla sijazaliwa: mtu mfupi, kofia ya sufu masika na kiangazi, asiyeongea akiwa anapanda. "Mdomo na mapafu vinagombania hewa moja," alikuwa anasema, tena alisema akiwa amekaa. Alitafuta mtu wa kubeba vyombo. Baba akanitazama, akasema, "Huyu hapa, ana shingo."

Siku ya kwanza nilipewa sufuria kubwa, ile ya wapagazi wote, iliyokatika sikio moja. Ikumbukeni hiyo sufuria, tutakutana nayo tena. Nilidhani siku hiyo najifunza kubeba. Kumbe nilikuwa nafundishwa kusalimia. Kutoka Mlalo kwenda juu, Mzee Hoza alisimama kwenye kila shamba. Shikamoo kwa mkubwa, onga maundo ya Kisambaa kwa rika lake, watoto hawajambo, mbuzi wamezaa, maharage yameponaje na ule ubaridi. Wageni walidhani anawapumzisha. Mimi nilidhani anachelewesha. Tulipofika juu nikagundua kwamba yeye anajua daraja lipi limeoza, siafu wamehamia wapi, na nani ana ng'ombe mkali njiani. Hakuwa ameuliza hata swali moja la njia.

Mwisho wa mashamba, pale njia inapoanza kuingia kwenye msitu wa Shagayu, kuna nyumba moja ya matofali mabichi na bati. Tunaiita nyumba ya mwisho. Anakaa Mama Singano na mkwe wake Eliza. Wageni wakiambiwa ni mjane hupenda kuamini kwamba mume alipotelea msituni. Hapana. Alifia kitandani, kwa kifua. Lakini alikuwa mpasua mbao, wa enzi zile mti wa mkulo ukipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, na desturi ya nyumba ile waliianzisha wapasua mbao.

Desturi yenyewe ni hii. Kila anayeingia msituni anaokota jiwe barabarani, analiweka kwenye ukingo wa baraza, anaaga. Akitoka, analichukua mwenyewe, analirudisha barabarani. Jua likishuka nyuma ya kilima cha upande wa pili na jiwe bado lipo, Mama Singano hapakui chakula. Ugali unakaa kwenye sufuria na nyumba nzima inakaa na njaa, mpaka watu waingie wakamtafute mwenye jiwe lake.

"Huyu ni nani?" aliuliza siku ile aliponiona.

"Wa sufuria," akajibu Mzee Hoza.

"Hana jina?"

"Atakuwa nalo akirudi."

Nikaokota kokoto, nikaliweka ukingoni. Mama Singano akaliangalia kama mtu aliyepewa chenji ya uongo.

"Hilo kuku wangu atalimeza. Tafuta jiwe la mtu."

Nilicheka. Mzee Hoza hakucheka. Tulipokuwa tumeingia chini ya miti ndipo aliposema, na ilikuwa mara pekee nilipomsikia akiongea huku anapanda: "Msitu hauna habari na wewe. Ukiingia haujui, ukibaki haujui. Lazima nje kuwe na mtu anayejua."

Miaka iliyofuata nilitoka kwenye sufuria nikaenda kwenye mahema, nikatoka kwenye mahema nikaenda mbele. Kazi niliyoipenda ilikuwa kupanga safari, na hapo nawaomba msikilize, maana ofisini hamtafundishwa.

Mlima unapangwa kwa miguu. Kabla wageni hawajaja, pandeni wenyewe, wawili, na mzigo mgongoni, kwa sababu njia ya mtu mtupu si njia ya mtu aliyebeba. Mkitaka kujua maji yako wapi, ulizeni wanawake wanaokata majani ya ng'ombe, msiulize wanaume waliokaa dukani. Na msiulize kamwe "ni mbali?" Watu wetu wana adabu. Kumwambia mtu aliyechoka kwamba bado ni mbali ni kumtukana, kwa hiyo watawaambia "hapo tu." Nimeona wageni wameifikia hapo tu na tochi mkononi. Ulizeni hivi: "Ukienda kule asubuhi, unarudi kabla ya kupika?" Hapo mtapata jibu la kweli.

Maharage yachemsheni Mlalo. Juu kuni ni mbichi, mtakaa mnapuliza moshi na wageni wanawatazama kama mnaabudu. Turubai lipakieni mwisho, likae juu kabisa ya mzigo, kwa sababu mvua ya Shagayu haisubiri mfungue mabegi. Ukungu hupanda kwenye mgongo wa mlima jua likishakuwa utosini, kwa hiyo mkiwa bado mnakunywa chai ndege wameshamaliza kuimba, jueni mmechelewa. Mgeni anayechoka upesi mwekeni wa pili, nyuma ya kiongozi, siyo mwisho, mwisho atakufa kwa aibu kabla ya kuchoka. Mzigo mzito msimpe mpagazi mwenye nguvu, mpeni mwenye maneno mengi. Hatakimbia mbele, atakosa wa kumsikiliza.

Na anayekaa mwisho wa msafara, tunayemwita mkia, lazima awe anauona mgongo wa aliye mbele yake wakati wote. Asipouona, apige kelele, msafara usimame. Mtu mmoja si msafara. Hayo ni maneno ya Mzee Hoza, na kwake hakuna aliyepanda peke yake wala kushuka peke yake, hata kufuata kofia iliyosahauliwa.

Sasa niseme jambo ambalo hakuniambia mtu. Kazi hii ina upweke. Mtaniuliza upweke gani, na watu wote wale? Ndio huo. Wageni wanaongea lugha yao, wanacheka, wewe unacheka kidogo kwa heshima bila kujua kilichochekesha. Wapagazi wanakaa kwenye moto wao, wana stori nzuri nasikia tangu mbali, nikikaribia wanahamia kwenye habari za mpira. Si kwa ubaya. Mimi ni mwanamke, tena ndiye ninayewaamrisha. Unaamka wa kwanza, unakula wa mwisho, unalala kwenye hema dogo la pembeni. Wageni wakiondoka wanakukumbatia kama ndugu, wanaahidi kutuma picha. Picha zikija wewe haumo, maana wewe ndiye uliyekuwa unapiga.

Ukishuka mjini, sokoni Lushoto, kuna mama wa nyanya aliyewahi kusema nikisikia, "Huyu ndiye yule wa kulala porini na wanaume." Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Wanaume wenyewe wanakoroma, ungekuwa wewe ungewahama." Wakacheka meza nzima. Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikala nyanya zake peke yangu.

Baba yake Imani alikuwa dereva aliyeleta wageni kutoka Mombo. Alikuwa anacheka vizuri, na alikuwa wa kwanza kuniuliza nimekula. Mimba ilipoonekana alikwenda Arusha kwa ajili ya msimu. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Sitaandika zaidi, karatasi ni zangu.

Wakati nina mimba, magoti ya Mzee Hoza yalikataa kabisa. Binti yake akaja kumchukua, akamshusha Korogwe kwenye joto. Alivua kofia ya sufu kwa mara ya kwanza, nikaona kumbe hana nywele hata moja. Ofisi ikapata mratibu mpya, Elibariki. Ninyi mnamjua: mchangamfu, kila mtu kwake ni rafiki, simu haitoki sikioni. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia.

Nilirudi kazini Imani akiwa ameanza kukaa mwenyewe. Nilikuta mbele hapana nafasi tena. Nikawekwa mkia. Kupanga nilipanga mimi, kwa sababu lilikuja kundi lililotaka kufika kwenye mgongo wa juu wa Shagayu, na aliyewahi kufika kule akiwa bado na magoti alikuwa mimi tu. Nikapanga kama nilivyofundishwa: tulale Mlalo, tuingie msituni alfajiri, tufike juu kabla ya ukungu, tuteremke kwa kuzunguka, tutokee tena nyumba ya mwisho.

Elibariki akaniita ofisini.

"Mama Imani, kazi nzuri. Ila hapo mwishoni nimebadilisha. Wageni hawapendi kurudi walikotoka. Wakifika juu, wateremkie upande wa pili, gari litawangoja, jioni wako Lushoto wanaoga maji ya moto."

"Na mawe?"

"Mawe gani?"

"Ya Mama Singano."

Akacheka, akawageukia wapagazi waliokuwa mlangoni. "Jamani, sisi ni Walutheri au tunafanya matambiko?"

Wakacheka wote. Mmoja akasema, "Labda bibi anajenga, anakosa kokoto." Nikamwambia kwamba siku atakapobaki humo ndani kokoto hizo atazitafuta. Elibariki akainua mkono.

"Siku hizi kuna simu, dada yangu."

"Simu inashika wapi kule juu?"

"Ukipanda juu ya jiwe inashika."

"Na nikiwa chini ya jiwe?"

Wakacheka tena. Nikamweleza kilichokuwa kinanisumbua hasa. Imani yuko kwa mama yangu Mlalo, bado ananyonya. Nikizungukia Lushoto na gari, nitalala mbali naye usiku mwingine. Elibariki alinisikiliza, kweli alinisikiliza, akafikiri, akapiga meza kwa furaha.

"Basi rahisi! Ukifika juu, wewe geuka. Rudi ulikotoka, ushuke kwako Mlalo. Sisi tunaendelea. Kila mtu anafurahi."

"Peke yangu?"

"Si wewe ndiye unayeijua njia kuliko sisi wote?"

Wasichana, mkisifiwa namna hiyo jueni mnaachwa. Nilikubali kwa sababu ya mtoto. Mama nilimwambia asiningoje, mipango ya ofisi inabadilika kama hali ya hewa. Nikichelewa ajue nimepanda gari na wageni, nitafika kesho kwa basi.

Asubuhi ile msafara ulipita nyumba ya mwisho bila kusimama. Walipunga mkono tu, kama watu walio kwenye lori. Mimi nilikuwa mkia, nikakata kwenda barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona wanakimbia, wamefiwa?"

"Hawarudi huku. Wanatokea upande wa pili."

"Na wewe?"

"Mimi narudi. Leo, jua likiwa juu."

"Na nani?"

Nikaokota jiwe la mtu, nikaliweka. Kwenye ukingo ule nilizoea kuona mawe yamejipanga kama watoto wa shule mstarini. Siku hiyo lilikaa moja. Mama Singano alilitazama, akanitazama kifuani. "Unanyonyesha," alisema. Haikuwa swali. Kisha akaingia ndani.

Tulifika juu vizuri. Wageni walifurahi, waliona mbega, waliona yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye kivuli, wakalala kifudifudi kuyapiga picha. Wakataka picha ya wote. Nikawapiga. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye makorongo. Elibariki akanipa mkono, kisha akasema, "Ah, Mama Imani, shuka na sufuria kubwa basi. Ina masizi, isije ikatuchafulia gari."

Nikaifunga mgongoni kwa khanga, pale anapokaa mtoto. Wakashuka upande wao. Sauti zao nilizisikia kwa muda, kisha nikasikia ya mmoja tu, mpagazi mwenye maneno mengi, kisha hata yeye akaisha.

Njia nilikuwa naijua, hilo Elibariki hakudanganya. Kuijua njia hakuzuii gogo kuoza. Lilikuwa gogo la mkulo lililolala njiani miaka mingi, kila mtu alikanyaga juu yake, na mimi nimelikanyaga mara nyingi. Siku hiyo lilifunguka. Mguu ukaingia mpaka gotini, mwili ukaenda upande mwingine, nikasikia kitu kwenye kifundo kikilia. Nilipofanikiwa kuutoa, mguu ulikuwa umeanza kuvimba. Nilijaribu kuukanyagia. Niliujaribu kwa kila namna, kwa fimbo, kwa kutambaa, kwa matusi. Nikarudi nikakaa kwenye gogo.

Ukungu ulifika. Mti wa karibu niliuona, wa pili ulikuwa kivuli, wa tatu haukuwepo. Simu haikushika. Jiwe la kupanda halikuwepo, na kama lingekuwepo nisingepanda. Nikaita. Mbega wakanijibu kwa ile sauti yao ya kukoroma, nadhani walidhani nimetaka kugombania mti.

Saa sikuhitaji. Kifua kilikuwa ndiyo saa. Kwanza kikajaa, kikawa kizito, kisha kikaanza kuuma, kisha blauzi ikalowa bila kuniuliza. Nikajua sasa Imani ameamka usingizi wa mchana. Sasa analia. Sasa mama anampa uji, anautema. Nikakamua maziwa chini, kwenye majani makavu, kwa sababu maumivu yalizidi, na nikaona uchungu ambao sikuuona hata leba. Mtoto wangu yuko chini ya mlima ule ule, ana njaa, na mimi nalisha majani.

Ndipo nikaanza kuwahesabu watu wangu. Nani ananisubiri? Elibariki anajua niko kwa mama. Mama anajua niko kwenye gari. Wageni wananiita "Mama" tu, jina hawakulishika. Baba yake Imani hajui hata kama leo ni Jumatano. Mzee Hoza yuko Korogwe. Nilirudia tena, labda nimemruka mtu. Sikumruka. Dunia nzima kila mtu alikuwa na hakika kwamba niko salama kwa mtu mwingine. Wasichana, nimewahi kulala na njaa, nimewahi kuachwa, nimewahi kuzaa bila mtu wa kunishika mkono. Upweke niliujua jina lake siku ile, nimekaa kwenye gogo nimelowa kifua.

Kisha nikakumbuka jiwe.

Sikufurahi hapo hapo. Nilifikiri, bibi wa watu amezeeka, labda leo halitazami. Labda kuku wameliangusha. Labda amesema, huyu kaweka kwa mazoea, wenzake wote hawakuweka. Nikaanza kuipiga sufuria kwa fimbo, kwa sababu kama watu watakuja, ukungu ule wangepita mbele yangu wasinione. Nilipiga mpaka mkono ukachoka, nikabadilisha mkono. Mwanga ulianza kuwa wa kijivu.

Nilimsikia Eliza kabla ya kumwona. Eliza hajawahi kuongea taratibu tangu aolewe pale.

"We mwenye sufuriaaa! Uko hai?"

"Niko hai! Mguu ndio haupo!"

"Basi usife! Ugali umeshapoa, mama amegoma kupakua, na mimi nina njaa!"

Walikuwa yeye na majirani wawili, na panga, na fimbo ndefu. Alinipa pole baadaye, kwanza alinigombeza. Nilikuwa nimeiacha wapi akili yangu, mtu mzima, mama wa mtoto, peke yangu? Mama mkwe wake aliona jiwe moja akawa anazunguka baraza tangu mchana. Jua halijafika hata kilimani akasema, "Nendeni, hilo moja silipendi. Mengi hungojana. Moja halina mwenzake." Nilimwacha agombeze. Sijawahi kugombezwa vizuri namna ile. Walinibeba kwa zamu, sufuria kaibeba Eliza kichwani.

Tulifika nyumba ya mwisho kukiwa bado na mwanga wa kuonana sura. Mama Singano alikuwa amesimama barazani, amekunja mikono. Nikamwamkia nikiwa mgongoni kwa mtu. Akaitikia. Kisha akawaambia wanishushe.

"Mama, hawezi kusimama," Eliza akasema.

"Nimesema mshusheni. Jiwe la mtu huchukuliwa na mwenyewe."

Nikashushwa. Nikaruka kwa mguu mmoja, nimeshika nguzo, nikalichukua. Lilikuwa la baridi. Barabarani sikuweza kufika, nikalirusha kutoka pale pale, likaangukia majanini. Ndipo Mama Singano akakaa chini, ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba, akasema, "Eliza, pakua." Kijana mmoja akatumwa mbio Mlalo, na mama yangu akapanda na Imani mgongoni. Mtoto alininyonya mpaka akaniuma. Tukala ugali wa baridi, watu wote wa nyumba ile, hakuna aliyelalamika isipokuwa Eliza.

Kutoka ofisini sikusikia kitu siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Kisha ujumbe ukaja kwenye simu. Nilikuwa nimelala, mguu juu ya mto, nikasema haya, wamesikia. Ujumbe ulisema: "Mambo Mama Imani, sufuria kubwa iko kwako?"

Mguu ulipokubali kukanyaga, nikapanda basi la kwenda Lushoto, sufuria mapajani. Elibariki alisimama kunipokea kwa mikono miwili.

"Aaa, Mama Imani! Karibu, karibu! Sufuria hiyo!"

"Sufuria hii."

"Mbona unachechemea?"

Kumbe hawakujua hata hilo. Nikamweleza, nikiwa nimesimama. Alishtuka, akashika kichwa, akasema pole mara nyingi. Nikamwuliza swali moja tu.

"Siku ile jioni, mlipofika Lushoto, kuna aliyeuliza kama mimi nimefika?"

"Tulijua umefika."

"Nani aliwaambia?"

Akafikiri. "Hakuna aliyesema hujafika."

Alilisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonimaliza. Ningetukanwa ningetukana, tungeyamaliza. Niliweka sufuria juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, na masizi yake yote. Nikatoka. Hiyo ndiyo sherehe yangu ya kustaafu.

Sasa nasikia Jumamosi mnapandisha kundi, na kwamba mtashukia upande wa pili. Agnes umewekwa mkia. Elibariki atawaambia mpite nyumba ya mwisho moja kwa moja, na hatawakasirikia mkikata kwenda kusalimia, yeye hakasiriki. Nendeni. Wekeni mawe, yenu na ya wageni na ya wapagazi, wacheke mpaka wachoke. Mkitaka kutokea upande mwingine, mwambieni Mama Singano tangu asubuhi ni nani atakayeleta habari, na aliyetajwa ailete. Yule mama ni mzee na akikaa na njaa anaugua.

Na kabla ya kupanda, piteni kwangu. Sitawazuia muda mrefu. Dirisha langu la jikoni lina kizingiti kipana, nimeondoa birika na chumvi na kikombe cha Imani. Nafasi ya mawe mawili ipo. Leteni ya kweli, siyo kokoto, maana mtoto huyu anatia kila kitu mdomoni. Mimi Jumamosi nitapika mapema. Sitapakua.